Zamu ya Mwanawe Ilipofika: Maisha ya Kanali Mstaafu Tuliyemwita Mama Zamu

Shemeji yangu, wapwa zangu, mkwe wetu, wajukuu, maafisa na askari mlio kazini na mliostaafu, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na ingawa mimi ni fundi bomba, niliyezoea kuongea na mabomba kuliko na watu, nimekubali, kwa sababu alipokuwa hai sikuwahi kuthubutu kumkatalia jambo, na sidhani kama leo ni siku nzuri ya kuanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa karani wa posta, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule. Tulikaa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, cherehani ya mama ikiwa imebanwa kati ya meza na dirisha, na kwa kuwa mama alishona tangu asubuhi mpaka macho yakamuuma, dada ndiye aliyetubeba mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akatuogesha, akatupangia nani achote maji, nani afagie uani na nani alale karibu na dirisha wakati wa joto, na nasema kwa uchungu kidogo kwamba mimi, kitinda mimba, niliyedekezwa na kila mtu mwingine pale nyumbani, kwake yeye machozi hayakunisogeza mbele hata nafasi moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza mwaka 1974, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, alikosoma kuanzia mwaka 1975 hadi 1980, akapenda hesabu na jiografia, akachukia ushonaji, jambo lililomsikitisha mama kuliko alivyokubali kusema. Mwaka 1982 alirudi nyumbani na barua ya kujiunga na chuo cha maafisa wa jeshi, na mama, akiwa na pini mdomoni, akasema, "Wewe unayelia ukikata kitunguu, jeshi utaliweza?" naye dada akamjibu, "Mama, sidhani kama vita vinapiganwa kwa vitunguu," na mama akacheka mpaka pini zikamwanguka, na ruhusa ikawa imepatikana.

Alihitimu mwezi Novemba 1984 kwa cheo cha luteni usu, akapangwa Makao Makuu, katika Ofisi ya Utumishi, chumba kirefu chenye makabati ya chuma kila upande, mafeni mawili yanayolia, na makarani waliokaa wawili wawili kwenye meza moja, na ni kabati mojawapo la humo lililomletea mume, kwani droo ilimbana kidole, akapelekwa zahanati ya kambi, akafungwa bendeji na muuguzi kijana, mpole, mwenye maneno machache, ambaye alimwambia arudi kesho yake kubadilishiwa, na kesho kutwa, na siku nyingine baada ya hapo, mpaka kidole kikapona na bado akawa anaambiwa arudi. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987, na shemeji, ambaye yuko hapa mbele, amezoea kusema kwamba jeshi halikumpa medali, lilimpa kabati bovu, na hajawahi kulalamika.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye leo ni meja katika jeshi hilihili, wa pili binti, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni mfamasia, na wa tatu binti pia, aliyezaliwa mwaka 1996, ambaye ni mpiga picha, na ambaye ndiye aliyepiga picha ile mnayoiona pale juu ya jeneza, ambayo marehemu aliikubali kwa masharti, akisema, "Humo nimecheka mno, watu watadhani sikuwa na kazi."

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana wengi wenu mlimjua kwa kazi, na wajukuu zake wakubwa waliniuliza juzi bibi yao alifanya nini hasa jeshini, kwa kuwa hawajaona picha yake akiwa na bunduki.

Mwaka 1990, akiwa luteni, alitumwa kukagua kambi ya mpakani kaskazini, mahali pa vumbi na upepo mkali, ambapo gari la mahitaji lilifika kwa nadra na barua zilifika zikiwa zimechoka, na huko akamkuta koplo mmoja, mtu wa makamo, ambaye baada ya kumpigia saluti alimuuliza kwa adabu, bila hasira yoyote, "Samahani afande, huko Makao Makuu bado mnajua kwamba mimi nipo?" Koplo yule alipelekwa pale kwa mwaka mmoja, akakaa sita, kwa sababu kikosi chake cha zamani kiliunganishwa na kingine, faili lake likabaki katika ofisi moja, nafasi yake ikahesabiwa katika ofisi nyingine, ofisi ya likizo ikamwona yuko kwenye uhamisho, ofisi ya uhamisho ikamwona yuko likizoni, na mtoto aliyemwacha akitambaa alikuwa ameanza shule bila kuijua sura ya baba yake.

Dada alirudi na jambo lile limemkaa kifuani, akazunguka ofisi zote mpaka koplo akarudishwa kwao, lakini alipokuwa anamtafuta huyo aliwakuta wengine, na alipouliza kwa nini ni hao wasio na ndugu wakubwa ndio husahaulika, aliambiwa afunge mlango, kisha akaelezwa jambo ambalo kila mtu pale alilijua, yaani vimemo, vile vikaratasi na simu za wakubwa, kwamba huyu ni kijana wangu, msimpeleke kaskazini, mtafutieni pa karibu, na kwa kila kijana aliyetafutiwa pa karibu, kulikuwa na mwingine asiyejulikana na mtu aliyebaki kule kwenye upepo zamu mbili, zamu tatu. Shemeji anasema wiki ile dada alikula kidogo, akaongea kidogo, na alipoulizwa ana nini, alijibu, "Sisi tunapanga watu kwa kukumbuka, na anayekumbukwa ni mwenye mtu wa kumkumbusha."

Ilipita miaka mingi kabla jeshi halijaamua, mwaka 2004, kuleta mfumo wa taarifa za mipango, yaani kompyuta zilizounganishwa, ambamo vikosi, nafasi, mafunzo, likizo, magari na zamu za kambi za mbali vingewekwa mahali pamoja, ili ofisi moja ikipanga, nyingine ione, na dada, aliyekuwa sasa luteni kanali, akapewa kuongoza kazi hiyo, si kwa sababu alikuwa mtaalamu wa kompyuta, maana wakati huo alikuwa akibonyeza kipanya kwa nguvu kana kwamba anagonga muhuri, bali kwa sababu, kama mkubwa wake mmoja alivyosema, ndiye aliyekuwa amewachosha watu kwa kuuomba. Jioni, nyumbani, alifundishwa na binti yake wa katikati, aliyekuwa sekondari, na binti anakumbuka mama yake akimwambia, "Usinionee huruma, nifokee kama mwalimu."

Mambo hayakwenda vizuri mwanzoni, na tusiyafiche, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuyaficha. Makarani waliogopa kwamba mashine imekuja kuchukua kazi yao, wakawa wanaingiza taarifa nusunusu, baadhi ya makamanda walikataa kuandika nafasi walizokuwa nazo wazi wasije wakanyang'anywa, na mwaka 2006 mfumo uliwapa likizo wapishi wote wa kambi moja kwa pamoja, maandazi ya siku zile yakapikwa na mafundi wa magari, na habari ikazunguka jeshi zima kwa vicheko. Katika mkutano uliofuata, mkuu wa utumishi, brigedia mmoja mkongwe aliyependwa sana, ambaye vijana walimwita Mzee Mihuri, alimgeukia mbele ya wote akasema, "Luteni kanali, kompyuta yako imesahau kwamba askari anakula," naye akasimama, akajibu, "Ni kweli askari anakula, afande, ila kompyuta haikusahau, hatukuiambia, na mimi ndiye niliyepaswa kuhakikisha imeambiwa," akakaa chini.

Watu walitegemea kwamba wawili hao wangekuwa maadui, lakini dada alimfuata Mzee Mihuri ofisini kwake, akamuuliza hasa anachoogopa, na yule mzee, ambaye kwa miaka mingi alisaini uhamisho wa kila askari kwa mkono wake, alimwambia neno ambalo dada alilirudia mara nyingi kwa heshima. Alisema, "Binti yangu, mama wa askari akija hapa mlangoni akilia kwamba mwanawe anaumwa, nimwambie nini, kwamba kompyuta imekataa?" Dada alikwenda na swali lile nyumbani, akarudi na jibu baada ya majuma kadhaa, na jibu lenyewe likawa kanuni iliyoingizwa katika mfumo, kwamba askari yeyote mwenye shida ataomba kuahirishiwa zamu, kwa sababu zilizoandikwa, mbele ya jopo la maafisa watatu, na uamuzi na sababu zake vitaonekana na kila mtu kambini, na atakayepanda kuchukua nafasi yake ataelezwa kwa nini. Mzee Mihuri aliisoma mara mbili, akasema, "Hapa kuna mtu ndani," akasaini, na tangu siku ile alikuwa mtetezi wake mpaka alipostaafu. Kuhusu makarani, aliwapigania wapelekwe mafunzoni wote, pamoja na waliokuwa wamebakiza kidogo kustaafu, na ninawaona kadhaa wao hapa leo, na ndio waliompa jina la Mama Zamu, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye kwa mapenzi.

Hata hivyo, ndugu zangu, vimemo havikuisha, vilibadilika sura tu, kwani watu walikuwa wanasubiri kuona kama huo mfumo ni wa wote au ni wa wasio na ndugu.

Mwaka 2012, dada akiwa kanali, mwanawe, mpwa wangu, aliyekuwa luteni aliyeoa mwaka uliotangulia, jina lake lilifika juu katika zamu ya kaskazini, na mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Kanuni ilisema wazi, na dada ndiye aliyeitetea, kwamba mimba isiyo na tatizo la kitabibu si sababu ya kuahirisha, kwa kuwa nusu ya vijana wanaopangwa wake zao ni wajawazito. Mkubwa mmoja, kwa nia njema kabisa, alimpigia akamwambia, "Kanali, jina linaweza kushuka chini kidogo, nani atajua?" naye akamjibu, "Atajua atakayepanda juu, afande," na simu ikaishia hapo.

Nyumbani haikuishia hapo. Nilikuwepo siku hiyo, nimelala chini ya sinki lao natengeneza bomba, na kwa kuwa hakuna aliyenikumbuka, nilisikia yote. Shemeji, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla wala baada ya hapo, alimwambia, "Mimi ni muuguzi, nimeona uzazi wa kwanza mara nyingi kuliko wewe ulivyoona kompyuta, usiniambie ni jambo dogo," dada akasema, "Sijasema ni dogo," shemeji akasema, "Basi fanya kitu, wewe ni mama yake," na dada akasema kwa sauti ya chini, "Kila anayekwenda kule ana mama." Shemeji alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi, na mimi nikabaki chini ya sinki, nimeshika spana, sijui nitoke vipi.

Mpwa wangu alikwenda. Hakumwomba mama yake kitu, na jopo hakuliandikia.

Mtoto alizaliwa tarehe 19 Septemba 2012, wa kike, mzima, lakini mama yake alipoteza damu nyingi, akakimbizwa chumba cha upasuaji, na waliokaa kwenye benchi la hospitali siku hiyo walikuwa shemeji na mama wa mkwe, si dada. Dada alikuwa ofisini. Alifika siku ya tatu, hatari ikiwa imepita, akiwa na vitenge vipya na chupa ya uji, na mkwe wetu, aliyekuwa amelala, aliugeuza uso wake ukutani, na dada akaweka chupa mezani, akasimama kidogo, akaondoka.

Mpwa wangu alirudi tarehe ileile iliyopangwa, na kijana aliyempokea zamu kule alikuwa mtoto wa jenerali mmoja, kwani jenerali huyo, aliposikia habari ya mtoto wa Mama Zamu, aliona aibu kupiga simu. Makarani wanasema hapo ndipo mfumo ulipopokelewa kweli, kwamba makamanda walianza kuandika nafasi zao bila kuficha, vimemo vikakauka, na askari wa kambi za mbali wakaanza kuwaandikia watoto wao tarehe ya kurudi na kuamini walichoandika. Jeshi lilimpa nishani kwa kazi hiyo mwaka 2015, akastaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2017, lakini pale nyumbani, kwa miaka yote hiyo, mkwe alimwamkia kwa adabu, akampikia alipokuja, akamwita mama, wala hakukaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko adabu ilivyotaka.

Mwezi Februari 2020 dada alianza kuvimba miguu na kuchoka, na baada ya vipimo madaktari walituambia kwamba figo zake zimeshindwa, na kwamba atahitaji kusafishwa damu mara kwa mara maisha yake yote. Nyumba iliyokuwa karibu na hospitali ilikuwa ya mwanawe, na mpwa wangu alikuwa kazini mbali, kwa hiyo alihamia kwa mkwe wake, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza itakuwaje.

Yafuatayo mkwe wetu ameniruhusu niyaseme, na amesisitiza niyaseme. Alimpeleka hospitali, akamngoja, akamrudisha, wakiongea habari za hali ya hewa na za mtoto, kwa miezi mingi, mpaka siku moja, wakiwa wamekaa pale kwenye chumba cha mashine, mkwe alimuuliza, "Mama, leo ungekuwa na nafasi ile tena, ungemwondoa kwenye zamu?" Dada akajibu, "Hapana, mwanangu," na mkwe anasema hasira yote ya zamani ilimrudia, lakini dada alikuwa hajamaliza, akaendelea, "Ila ningekuja hospitali. Hakuna kanuni iliyonizuia kuja kukushika mkono. Niliona haya kukutazama, nikajificha kazini, nikajiambia ninasimamia haki. Hilo halikuwa haki, lilikuwa woga wangu, na wewe ndiye uliyelilipia." Mkwe anasema alisogeza kiti chake karibu na kitanda, akaushika mkono usio na sindano, na muuguzi wa zamu alipopita aliwakuta wote wawili wanalia, akadhani mashine inauma, akaanza kuikagua.

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa nyumba nyingine. Ukipita ulikuwa unasikia kelele zao mpaka nje, wanabishana juu ya chumvi aliyokatazwa, mkwe akimwambia, "Chumvi nimeificha, Kanali, na jopo limekataa ombi lako," na yeye akijibu, "Nataka sababu kwa maandishi," na yule mjukuu, aliyezaliwa bibi yake akiwa ofisini, ndiye aliyelala kitanda kimoja naye mpaka mwisho.

Mwezi Januari mwaka huu hali yake ilidhoofika, moyo nao ukaanza kuchoka, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Machi 2023, akiwa na mumewe upande mmoja na mkwe wake upande wa pili, aliaga dunia kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha mume, watoto watatu, mkwe, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wanne, ambao kuanzia sasa itabidi tujipangie wenyewe.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipokuwa anawauliza kwa nini wagonjwa wa mchana wanasubiri muda mrefu kuliko wa asubuhi, na zaidi tunawashukuru kwa kuwa walirekebisha. Tunawashukuru majirani wa mtaa ule mwembamba, mliokuwa mkitoa magari yenu barabarani kila gari la wagonjwa lilipokuja, bila kuombwa, hata mvua ikinyesha. Tunalishukuru jeshi, wakubwa na wadogo, waliomsindikiza, makarani wake wa zamani mliokesha nasi, na Mzee Mihuri, ambaye miguu yake haimruhusu kusimama, lakini ameomba gari limlete mpaka hapa, na ninamwona ameketi pale chini ya hema, kofia mkononi. Na wewe mkwe wetu, sina neno la kukutosha, dada alijaribu mwenyewe kulitafuta na akasema halijapatikana.

Dada, ulitubeba wote tukiwa wadogo, na leo sisi ndio tunaokubeba. Ulale salama, upumzike kwa amani, na mara hii, tafadhali, usiamke mapema kumwamsha mtu yeyote.